Mama Ofa na Stoo Yake

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu, kama kawaida. Nilimsikia jikoni akigonga sufuria kidogo. Hakuwa na hasira. Alitaka tu nijue kwamba kuna mtu ameshaamka na mwingine bado amelala. Nilipotoka nikamkuta ameshavaa. Kuponi ilikuwa mezani, ameibana chini ya kikombe isije ikapeperuka. Ilikuwa ya mafuta ya kula, na mwisho wake ulikuwa siku hiyohiyo.

"Viatu vyangu viko wapi, Fundi?"

Aliniita Fundi tangu tulipojuana. Mimi ni fundi viatu.

"Viko mlangoni. Nimekuwekea kisigino kipya."

Akavivaa, akatembea mpaka dirishani na kurudi.

"Kinabana."

"Kitalegea. Mafuta mbona yapo stoo? Nimeyaona kwa macho yangu."

"Umeyaona. Umeyauliza yanaisha lini?"

Chai aliinywa amesimama. Siku yenye ofa hakuwa mtu wa kukaa. Akatia kuponi kwenye pochi, akakunja mfuko wake wa turubai, akaenda. Mchana akarudi na chupa za mafuta, na pakiti za chumvi juu yake. Chumvi haikuwemo kwenye kuponi. Nikamuuliza chumvi ya nini tena.

"Bei wameishusha, watu wanaipita tu. Nikaionea huruma."

Kesho yake asubuhi nilimwita, hakuitika.

Ya siku hiyo nayaachia hapo.

Waliokuja kuzika waliingia mpaka ndani, wakaona chumba cha pili, ndiyo stoo yenyewe. Wengine walisimama mlangoni pake wakashika kiuno. Nikasikia minong'ono. Swali lao lilikuwa moja, na mimi nimekuwa nikizunguka nalo tangu siku hiyo. Vile vitu vilituokolea hela, au ndivyo vilivyotumaliza?

Mke wangu alikuwa mfagizi wa ofisi. Mabwana wa pale walisoma gazeti asubuhi, saa nne liko kwenye pipa. Yeye akaona nyuma ya gazeti kuna kipande kimezungushiwa alama ya mkasi, kimeandikwa punguzo la sabuni. Akauliza. Wakamcheka, lakini wakamwelekeza. Kuanzia hapo kila gazeti la ofisi lilikuja nyumbani. Alikata kuponi, yaliyobaki akanipa mimi nifungie viatu vya wateja. Viatu vyangu vilitoka kwenye kibanda vimefungwa kwa gazeti lenye madirisha.

"Fundi, panya wako wanasoma sana," mteja mmoja aliniambia.

"Huyo si panya. Huyo ni mama wa nyumba yangu."

Mimi shule sikukaa. Kusoma nilijifunzia kwenye magazeti hayohayo, ndiyo maana habari nyingi nazijua nusu.

Alipoacha kazi, kuponi hakuacha. Majirani wakampa jina, Mama Ofa, naye akaliitikia. Alijua duka gani linashusha bei Jumatatu na lipi linasubiri mwisho wa mwezi. Alikwenda kwa miguu, maana nauli ingekula punguzo lote. Kisigino cha kulia ndicho kilichoisha kwanza, kwa kuwa mfuko aliubeba upande huo. Nikiona soli imelika mpaka kwenye nyuzi, najua sabuni imeshuka bei mji wa pili. Soli hizo hazikuingia kwenye hesabu yake hata siku moja. Fundi alikuwa wa bure.

Chumba cha pili kilikuwa cha watoto, binti yetu na kaka yake. Kijana alipopata kazi mbali, na binti akaolewa, mke wangu akaniambia nipige rafu za mbao mpaka darini. Nikapiga. Sabuni, dawa ya meno, kiberiti, mchele, maharage, unga, mafuta, chumvi. Ulipofungua mlango, harufu ya sabuni ilikupokea kama mgeni.

Binti yetu ni mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Baada ya wageni kuondoka alibaki siku chache. Siku ya kuondoka akasimama katikati ya rafu.

"Baba, utabaki hapa na nani?"

"Na hivi."

"Hivi havipiki."

"Kupika najua."

"Unajua kuchemsha. Baba, sikiliza. Mzigo ukilala ni hela imelala. Kazini kwangu nikilaza mzigo namna hii nafukuzwa siku hiyohiyo."

"Mama yako hakuwa kazini kwako."

Akapangusa rafu kwa kidole. Kisha akasema jambo lake. Kodi yetu hulipwa kabla, ya miezi mitatu mitatu. Zamani viatu vililipa kodi, na mke wangu na kuponi zake wakatulisha. Sasa vidole vyangu vimekaza, kazi ninayoipata ni ya kodi tu, haibaki ya kula.

"Tukubaliane. Ikifika siku ya kodi unayo, na umekula ukashiba, na hukuniomba hata hela ya kiberiti, utabaki hapa sitasema neno. Ukishindwa utahamia kwangu, na hivi nitatafuta wa kuvichukua."

"Kiberiti kipo," nilimwambia.

"Najua kipo, Baba."

Nikakubali haraka. Niliona ananihurumia, ndicho kilichoniudhi. Tena nilijua nikishindwa hawatasema mzee ameshindwa. Watasema mke wake alitapanya.

Basi nikaanza kula stoo.

Kukaa sikuweza. Nashika kiatu, nakiweka. Natoka kibandani, narudi nyumbani, naingia stoo, natoka, nimesahau nilichofuata. Mikono ikataka kazi, nikaanza kupanga rafu upya. Nikapanga viwili viwili kama ninavyopanga viatu, kila kitu na mwenzake. Pakapendeza. Kumbe yeye alipanga kwa namna yake, cha zamani mbele, kipya nyuma, ili mkono uanze na kinachozeeka. Mimi nimeshachanganya bibi na mjukuu. Tarehe zenyewe zimeandikwa vidogo, macho yangu hayazifikii. Nikawa nafungua mafuta mapya huku ya zamani yanachacha pembeni. Unga nilioufungua ulikuwa unatembea. Nikauchekecha, nikaula uliobaki.

Sukari ikaisha. Mkaa nao haukuwepo kabisa, maana kuponi ya mkaa haijawahi kuchapwa. Lakini zamani mkaa ulikuwepo, sukari haikukatika, na sikumbuki kumwona akivinunua. Nikachukua miche ya sabuni, nikaenda kwa mshonaji, jirani yetu wa ukuta mmoja. Yeye na mke wangu waliitana shoga.

"Shemeji, karibu. Umeleta nguo ya kukata?"

"Nimeleta sabuni. Nipe sukari."

Akasimamisha cherehani. Akanitazama mimi, akatazama sabuni, akacheka mpaka akashika kitambaa kisianguke.

"Shemeji, njoo uone." Akafungua kabati. Sabuni zilipangwa mpaka juu. "Shoga yangu alinijazia. Mtaa mzima tumejaa. Kwa muuza mkaa ukienda atakufukuza na hizo."

"Naye mlikuwa mnapeana?"

"Tulikuwa tunapeana, lakini si hivi. Alikuwa anajua mafuta yangu yanaisha lini kuliko mimi mwenyewe. Nakung'uta chupa, naye huyo mlangoni na chupa mpya. Anakuuliza, shoga, leo una nini kimezidi? Wewe umekuja na unachotaka kupunguza kwako."

Alinipa sukari hivyohivyo. Nikaondoka na sabuni zangu. Ile sukari sikuifurahia.

Nikasema basi, nitafanya kama yeye tangu mwanzo. Nikatafuta gazeti, nikakata kuponi ya maharage, nikatembea mpaka lile duka kubwa. Mguu ukauma. Maharage yalikuwa yamekwisha. Msichana wa kaunta akaniambia kwa upole, babu, kuna ofa nyingine pale, ukinunua moja unapewa ya pili bure. Nilikuwa nimeshatoka jasho na kurudi mikono mitupu niliona aibu. Nikanunua. Nilipofika nyumbani nikavipanga mezani. Miswaki. Kinywani mwangu yamebaki meno ya kuhesabika.

Mshonaji alipita akaiona.

"Hiyo ya nani?"

"Ya ofa."

"Shemeji, mwenzio alikuwa anaacha." Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Nimekwenda naye mara nyingi. Anashika kitu, anakigeuza, anasoma, anakirudisha. Siku nyingine tunatembea kote kule tunatoka na mfuko mtupu, naye anaimba njiani. Mimi miguu inawaka moto, yeye anaimba."

"Na chumvi je?"

"Chumvi hapo sijui. Kila mtu ana ugonjwa wake."

Nikala wali kwa chumvi, maharage kwa chumvi, kwa kuni za kuokota, mpaka chakula kikabaki cha kupima. Tangu ile miswaki, hela ya viatu niliifungia kwenye kopo, sikuigusa. Wateja waliona nafanya kazi haraka, wengine wakasifu. Ilikuwa njaa. Mkanda wangu ukafika tundu la mwisho, nikachukua msharasi wa kutobolea ngozi, nikauongezea jingine. Kisha jingine tena.

Siku ya kodi binti alikuja asubuhi. Alikuta hela mezani, nimeipanga. Akaihesabu kama wanavyohesabu kazini kwao, anaigeuza noti moja moja kwa kidole. Ikatimia. Kisha akaniangalia mimi, akaangalia mkanda.

"Kodi ipo, Baba. Wewe ndiye sikuoni."

"Nimekula. Sikukuomba kitu."

"Hukuniomba. Hilo nalikubali."

"Basi nabaki."

Akavua viatu, akaingia stoo. Mimi nikabaki mlangoni, nakwenda mbele, narudi. Nilimsikia anahamisha vitu. Alikuwa anarudisha cha zamani mbele, kipya nyuma, bila kuuliza. Kazi yake hiyo. Alikaa humo mpaka chai niliyomtengea ikapoa. Alipotoka alikuwa na kopo la mafuta ya nywele mkononi, na pakiti ya nyembe.

"Haya nilikuwa napaka mimi, nilipokuwa nasoma. Ni mimi peke yangu nilikuwa napaka. Na nyembe hizi za kaka, alipoanza kuota ndevu. Baba, tarehe zake za kutengenezwa ni za mwaka huu."

Nikapokea ile pakiti ya nyembe, yeye akaendelea.

"Nimeangalia kila kitu. Mama alikuwa ananunua vya watu wanne. Tumeondoka, hakupunguza."

"Kwa hiyo alipoteza."

Akafikiri kwanza. Nilimwona anafikiri kama mtunza stoo, na nikamshukuru kwa hilo.

"Tulipokuwa wanne alipata faida, na kubwa. Sisi tulivaa, tulisoma, kwa mshahara wa ufagizi na viatu. Hilo mtu asikudanganye. Mlipobaki wawili alipoteza. Vilikuwa vinaingia vingi kuliko vinavyotoka. Nusu ya mafuta yamechacha. Na chumba hiki mmekilipia kodi miaka yote, inakaa humo sabuni."

Nilitaka kubisha. Lakini alikuwa amesema kweli zote mbili, ya kwanza na ya pili. Nimezunguka na swali lile miezi yote nikidhani jibu lake ni moja.

"Kwako mko wangapi?" nikamuuliza.

"Unajua. Sisi wawili, watoto watatu, na mama mkwe."

"Watoto wanachafuka?"

"Baba, wale? Kila siku."

"Basi kwako mzigo hautalala."

Alielewa kabla sijamaliza. "Baba, umeshinda. Kodi ipo. Si lazima."

"Sishindani nawe. Nasema vikienda huko vitatumika. Vikibaki hapa na mimi, alipoteza. Vikienda kwako, hakupoteza." Nikavuta pumzi. "Nahamia kwako, lakini navyo vyote. Na chumvi."

"Na chumvi," alisema, akaanza kucheka, kisha akakaa chini pale mlangoni na kopo lake la mafuta ya nywele, akafunika uso.

Kodi ile tukaifanya nauli ya mzigo, na nyingine ikabaki. Mshonaji alikuja kusaidia kufunga maboksi. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara zote nilimwambia ndiyo, na mara zote niliinuka nikaenda kuangalia kama mlango wa stoo umefungwa, wakati ndani hakukuwa na kitu.

Sasa niko kwa binti. Sabuni inaisha, naisikia inavyoisha, watoto wanaiacha kwenye maji. Miswaki ilipata meno. Chumvi tunayo. Bado sijajua kukaa. Asubuhi naamka mapema, nazunguka ua, naangalia viatu vya watu mlangoni, soli ipi imelika. Hakuna iliyolika kisigino cha kulia.

Kuhusu vile vya watu wanne, nilimwuliza mke wangu mwenyewe zamani. Ilikuwa siku chache baada ya binti kuolewa. Alikuwa amepanda kwenye kiti anapanga dawa ya meno kwenye rafu mpya, na mimi nimemshikia kiti. Nikasema, mama, humu ndani tumebaki wawili, hivi vyote vya nani. Hakugeuka. Alisema:

"Wakija, wakute. Wasipokuja, utaoga wewe."