Mikono ya Mume Wangu Kinyozi

Mume wangu alikuwa kinyozi sokoni Ruangwa, miaka ile malori ya mashamba ya karanga yalipokuwa yakipita kwenda Nachingwea. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Watoto walisinzia akiwanyoa. Kisha msimu mmoja wa mabibo mikono ikaanza kumtetema. Akamkata mzee mmoja sikioni, damu ikachuruzika hadi kwenye kanzu. Wateja wakapungua, maneno yakaanza: kinyozi anakunywa uraka, ile pombe ya mabibo.

Sikuyapinga. Mchana alilala kama mlevi, akiamka anachanganya majina ya wanetu. Mdomo wake ulinuka utamu uliochacha. Siku moja nikamwambia mbele ya mama yake, "Niambie unakunywa kwa nani."

"Mke wangu, sijawahi kuionja."

Sikumwamini. Nikahamishia mkeka wangu chumba cha watoto.

Tumbo lilipovimba na macho kuwa ya njano, mimi na mama mkwe tukampandisha lori hadi hospitali ya Nachingwea. Daktari alikuwa Mzungu. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, Mmwera mwenzetu, akatafsiri.

"Nyoosha mikono mbele. Sasa inua viganja, kama unamzuia mtu asije."

Akafanya hivyo. Viganja vikaanguka, vikainuka, vikaanguka tena, bila yeye kutaka. Daktari akambonyeza chini ya mbavu, akamfunua kope, akazungumza kidogo.

"Ni ini," dresa akasema. "Limeshindwa kusafisha damu, hata pumzi inanuka. Sumu imepanda kichwani, ndiyo maana mikono inaanguka na usingizi haumwachi."

"Ni pombe?" nikauliza.

"Wapo wanaoumwa hivi kwa pombe. Wengine huachiwa na ugonjwa wa zamani wa ini. Aliwahi kuwa na macho ya njano?"

"Akiwa kijana, kule Malolo," mama mkwe akajibu. "Alilala karibu mwezi mzima." Hakunitazama.

Dresa hakutuahidi kupona. Nilimwomba mume wangu msamaha palepale kitandani, asubuhi moja akili yake ilipotulia.

"Na wewe ulichoka," akasema.

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza tena. Siku ya tatu baada ya hapo hakuamka.

Waliokuja kuhani niliwaeleza mmoja mmoja kwamba lilikuwa ini. Waliitikia kwa adabu, wakaendelea na dua. Mama mkwe akanishika bega. "Inatosha, mwanangu," akasema. Lakini alipoingia mwingine, nikaanza upya.