Unga wa Ng'wana Shija

Siku yangu ya kwanza maabara nilivaa viatu vya kanisani, nikidhani nitakalishwa mbele ya darubini. Nikapewa brashi na beseni la mirija ya kioo. Mkuu wa Maabara, mtu mfupi mwenye sauti ya dalali mnadani, akaniambia, "Binti, mrija mchafu ni shahidi wa uongo. Osha." Nikaosha hadi vidole vikakunjamana. Nyie vijana wa siku hizi mnaanzia kwenye kompyuta, mmekosa uhondo.

Baadaye nilitumwa Bariadi, nyumbani kwetu, kukusanya dawa za asili za uvimbe. Mkuu alisema Kisukuma changu ni mtaji. Ndivyo nilivyofika Nkoma kwa bibi mganga aliyeitwa Ng'wana Shija, ambaye watu walimpelekea magoti yaliyovimba hata kutoka Shishiyu. Alinilisha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha akanifungia unga wa mizizi kwenye kitambaa. Kwa waganga wa kwao dawa hutoka nyumbani ikiwa imeshatwangwa, ili anayeipokea asiujue mti.

Tuliupima unga huo kwa njia mbili. Ya kwanza ni panya: unawadunga unyayoni kitu cha kuvimbisha, wengine unawanywesha dawa, wengine maji matupu, halafu unalinganisha unene wa miguu. Ya pili tuliiita kipimo cha zambarau. Kuna kimiminika cha rangi hiyo. Ukitia dawa yenye uwezo wa kuzuia kile kinachouchakaza mwili kama kutu inavyokula bati, rangi inafifia na kuwa njano. Unga wa bibi ulishinda kote kuwili. Miguu ya panya ilinywea, mrija ukawa njano mbele ya macho yangu, nami nikapiga kigelegele mlemle maabara. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Mkuu naye alicheka, kisha akakunja uso. "Unga hauna jina. Niletee tawi lenye jani na ua, mtaalamu wa mimea alitambue. Bila hilo hatuna utafiti, tuna hadithi."

Nikarudi Nkoma. Ng'wana Shija alinisikiliza hadi mwisho.

"Ng'wanone," alisema, maana alishaniita mwanawe, "miti hiyo imebaki michache, mashamba ya pamba yamemaliza pori. Mimi nachimba mzizi upande mmoja, nafukia. Mkiitangaza, watu watakuja na majembe na kuing'oa yote."

Akavuta kinu chake karibu, akaendelea.

"Nitakutwangia majani, maana yakichumwa mti haufi. Yakishusha uvimbe kama mizizi, nitakupeleka mwenyewe ukauone mti. Yakishindwa, tuache."

Majani yale yaliigeuza zambarau upesi kuliko mizizi. Lakini miguu ya panya ilibaki imevimba vilevile. Nikarudia kipimo, mambo yakawa yaleyale.

"Mwambie yamefaulu," Mkuu aliniambia kwa sauti ya chini. "Kwenye kipimo kimoja si yamefaulu? Tukishauona mti, tutajua la kufanya." Hakuwa mtu mbaya. Alikaribia kustaafu, na utafiti ule ndio aliotaka akumbukwe nao. Nilimhurumia sana, na njia nzima ya Nkoma nilikuwa nikiyapanga maneno yake mdomoni mwangu.

Bibi alinipokea mlangoni, akauliza jambo moja tu. "Uvimbe ulishuka?"

"Haukushuka, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma chetu.

Akanishika mkono. "Basi tuache, ng'wanone."

Utafiti ukaishia hapo. Mkuu alistaafu akiwa amenuna, na siku ya kumuaga alinipa mkono bila kunitazama. Nililia, sifichi. Ningeweza kuwa na mti wenye jina kwenye vitabu vya wataalamu. Badala yake niliendelea kupima dawa nyingine, nyingi zisizo na maajabu, hadi zamu yangu ya kustaafu ilipofika.

Ng'wana Shija ameshatangulia, na binti yake ndiye anayetibu sasa. Mimi nipo Bariadi mjini, na magoti yangu nayo yameanza ukorofi wa uzee. Yakivimba, binti huyo huniletea unga wake kwenye kitambaa. Juzi alikawia kuondoka.

"Mayu," akaniambia, "mama aliniachia neno. Siku yoyote ukitaka kuuona mti, nikupeleke wewe, hata bila kuuliza kwa nini."

Machozi yalinitoka nikiwa nacheka. Nikamwambia, "Wewe endelea kunitwangia, ng'wanone."