Usiitike Kabla ya Kengele

Siku babu yako alipoangushwa mbele ya Kamina nzima naikumbuka kuliko siku aliyonioa, mwanangu, na sitaki mtu anisimulie vingine.

Babu yako Ilunga alikuwa askari wa kambi, bingwa wa ndondi wa uzito wa juu. Watu walimpa jina la sifa: Nzovu, ndiyo tembo kwa Kiluba chetu. Alipotwaa mkanda, kila nyumba ilimwita kula. Kwetu kukataa bukari ya mtu, ndiyo ugali wake, ni kumtukana, basi Nzovu hakumtukana mtu. Alikula kwa askari, akala kwa watu wa reli, akanywa bia kwa wote. Kukimbia asubuhi akaacha. Tumbo likawa linamtangulia mlangoni.

Akaja kijana wa Luena, mrefu, mkavu kama samaki wa kukaushwa wa Kinkondja. Raundi ya kwanza tu babu yako alikuwa anahema kwa mdomo. Watu wakapaza sauti: "Nzovu! Nzovu!" Nawe unajua, ukiitwa jina la sifa unaitika. Akageuka, akainua mkono kuwasalimu. Ngumi ikamkuta taya iko wazi. Akalala chini, mkono bado unasalimia!

Nyumbani wakaja wa kumpoza: kijana ana dawa, amekuloga, ni bulozi, uchawi mtupu. Mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa wembe, akawafukuza wote. Yeye alimwita mwanawe papa, yaani baba, kwa kuwa mwanawe alibeba jina la baba mzazi wa mama huyo.

"Nani alikuloga, papa? Bulozi njo ilikula ile bukari yote?"

"Mama, bantu baliniita..."

"Bakuite! Weye iko ku ngumi ao iko ku ndoa?"

Kesho yake akamrudisha kukimbia kando ya reli, mimi nyuma yake na baiskeli. Mialiko ya chakula nilikwenda kula mimi badala yake. Unadhani mwili huu ulitoka wapi? Jioni akipiga gunia la mchanga, nilisimama nyuma nikigonga sufuria: "Nzovu! Nzovu!" Akigeuka, mama yake alimchapa mwiko mgongoni. Bingwa mzima! Majirani walicheka mpaka machozi.

"Bacheke," mama mkwe alisema. "Weye piga!"

Alipokutana tena na yule kijana, Kamina iliita mpaka koo zikakauka. Hakugeuza hata jicho. Alipiga hadi kengele ya mwisho, pumzi ikiwa bado imo kifuani. Waamuzi wakampa kijana ushindi. Niliwatukana siku ile, na leo bado nawatukana! Lakini kijana mwenyewe alikuja mpaka kwetu: "Papa, unifundishe na miye." Na huko Luena, hadi leo, mabondia wanaitwa majina yao wakipiga gunia. Wanasema ni dawa ya Nzovu.

Sasa mkanda umevaa wewe, mjukuu wangu, na simu inakuita kwa sifa kutwa nzima. Jumapili unapigana. Usiniletee hadithi za bulozi. Kimbia hata siku asipokuwepo wa kukutazama. Kelele ziache nje ya kamba. Mkanda waamuzi wanaweza kukunyima, lakini pumzi na kichwa utavitupa wewe mwenyewe, na hapo usinililie. Wakisema una kiburi kwa kutokula kwao, walete kwangu. Bado nina meno.

Mungu na wakubwa waliotutangulia wakukaze miguu, wakuzibe masikio penye makelele. Toka ulingoni ukitembea, mwanangu, na watoto wa watoto wako walitaje jina lako bila kuona haya.