Mkono wa Kukodi

Awadhesh Narayan Srivastava wa mtaa wa Katra, mjini Allahabad, alikuwa akiandika riwaya kwa miaka kumi na saba. Hivyo ndivyo alivyosema yeye, na mama yake alisema vivyo hivyo, na majirani walikubali kwa kuwa kukubali hakuna gharama. Alijipa hata jina la kiandishi, Santapt, maana yake Aliyeunguzwa. Mkewe Kusumlata, aliyempelekea chai mara nne kwa siku, alijua fika kwamba mtu huyu hajawahi kuunguzwa hata na hiyo chai. Aliiacha ipoe, kisha akalalamika kwamba imepoa.

Nyumba ile, aliyoachiwa na baba yake, ilikuwa na chumba kimoja tu cha maana: cha mbele, chenye dirisha la barabarani na feni isiyokoroma. Hicho kilikuwa chumba cha riwaya. Kusumlata, mama mkwe wake na masanduku yote ya ukoo walibanana katika vyumba viwili vya nyuma, ambako joto la Juni lilikuwa likikaanga watu.

Kusumlata naye alikuwa mwandishi, ila wa aina ile inayolipwa. Baba yake alikuwa karani wa maombi mahakamani, na mzee alipofariki, maiti yake ikachomwa kando ya mto na siku za matanga zikapita, binti alichukua kalamu na ubao wake akaenda kuketi palepale, kando ya ukuta wa mahakama ya wilaya, chini ya turubai. Wanaume waliokuwa wakiandika pale walimcheka wiki mbili. Wiki ya tatu wakaanza kumbembeleza apandishe bei, maana wateja wote walikuwa wamehamia kwake. Mteja analia, kalamu inakwenda. Mteja anachanganya shamba, kaka na ng'ombe, kalamu inapanga: kwanza shamba, kisha kaka, ng'ombe mwisho. Kabla mtu hajamaliza kupenga kamasi, ombi liko tayari, lina tarehe na mahali pa sahihi.

Mwaka ule, wiki tatu kabla ya sikukuu ya Diwali, tangazo lilibandikwa ukutani. Barabara inapanuliwa, wote wanaokaa kando yake waondoke kabla ya sikukuu. Wenzake walipiga kelele. Kusumlata alisoma tangazo mara moja, akaona limeandikwa vizuri, halina tundu la kupenyea, akakunja turubai akaenda nyumbani. Mahakama haikuwa mbali na Katra. Chumba cha mbele kikipata mlango wa barabarani badala ya lile dirisha, mteja ataingia moja kwa moja. Kusumlata asipokipata chumba, basi ndiyo mwisho wa kalamu yake, na watu watatu watakula nini?

"Baba Niru," alimwambia mumewe, "nakihitaji chumba hiki."

"Mama Niru, unajua kabisa niko kwenye sura ya mwisho."

"Ulikuwa kwenye sura ya mwisho Niru akiwa darasa la tatu. Leo Niru ana mtoto wake."

"Sanaa haipimwi kwa kalenda."

"Inapimwa kwa nini? Kwa vikombe?"

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua dengu uani, alipaza sauti: "Mwache mwanangu! Wewe unaandika kesi za ng'ombe, utajua nini? Kitabu kikitoka utaona aibu."

"Kitoke basi, mama. Hiyo aibu naisubiri kwa hamu."

Mambo yalikuwa hapo walipofika watu wa filamu kutoka Bombay. Walitaka nyumba ya zamani kwa ajili ya picha kuhusu, hebu sikia, mwandishi fukara wa riwaya na mkewe. Kusumlata alipatana nao kodi ya siku nne pale mlangoni, kabla mwongozaji, Bwana Mehrotra, hajamaliza kuvua viatu. Awadhesh aliamini wamemfuata yeye. Alinyoa ndevu asubuhi na mchana, akawa anamfuata Mehrotra uani akimweleza jinsi mwandishi wa kweli anavyoegemeza kichwa.

Kusumlata yeye alimuuliza msaidizi wa mwongozaji, binti mmoja mwepesi wa miguu aitwaye Tanaaz, hadithi yenyewe inahusu nini.

"Mke anauza dhahabu yake yote, anti, ili mumewe apate kuandika."

"Enhe?"

"Mume anakuwa maarufu. Anamwandikia kitabu kizima."

"Dhahabu anarudishiwa?"

"Hapana. Anakuwa ameshakufa."

"Afadhali yake," alisema Kusumlata, akaenda kuosha mchele.

Siku ya tatu walikwama. Yule mwigizaji mkuu, ambaye uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye nusu ya maduka ya vinyozi ya Allahabad, alikuwa amesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Maneno yake ya Kihindi alikuwa akiandikiwa kwa herufi za Kizungu ndipo ayasome. Akipewa kalamu aandike Kihindi, alichora herufi kama mtoto anayechora mbuzi: anaanza na miguu, kisha anatafuta kichwa kilipo. Na Mehrotra alitaka mkono wa mwandishi aliyejawa na hamasa, unaokimbia juu ya karatasi.

"Nani hapa anaandika haraka?" aliuliza.

Awadhesh alikuwa ameshasimama, mikono ya kurta, ile kanzu yake fupi, imekunjwa. "Bwana Mehrotra, mkono huu umefanya kazi miaka kumi na saba."

"Tumepona! Kaa hapa, mheshimiwa. Uso hauonekani, maneno hayasomeki, ni mkono tu. Andika chochote."

Kamera ikawashwa. Mkono ukashuka mpaka karibu na karatasi, ukatulia. Ukatulia tena.

"Andika, mheshimiwa."

"Naisubiri sentensi."

"Isubiri huku unaandika."

Akaandika neno moja, *Alfajiri*, akalikata. Wakaanza upya. Mara ya nne alifikisha maneno mawili. Mara ya saba alifikisha matatu, akaweka kalamu chini, akajishika paji la uso. Fundi wa taa, aliyekuwa juu ya ngazi, hakujisumbua kushusha sauti: "Huyu anaandika au ana uchungu wa kuzaa?"

"Jua linaniponyoka," alisema Mehrotra. "Basi nakili. Chukua ukurasa wowote wa riwaya yako."

"Riwaya haitolewi kabla ya wakati wake."

Lakini Tanaaz hakulelewa kuogopa kabati la mtu. Alikuwa ameshalifungua, ameshateremsha jalada lililofungwa kwa kitambaa chekundu, na alimpa Kusumlata. "Anti, tuchagulie ukurasa mwepesi."

Kwa miaka kumi na saba Kusumlata alikuwa akilipangusa vumbi jalada lile bila kulifungua. Sasa alilifungua. Mlikuwa na kadi za mialiko ya vikao vya waandishi, na kipande cha gazeti ambamo kisogo cha Awadhesh, nyuma ya watu wengine tisa, kilizungushiwa wino. Kisha hotuba. Hotuba ya kupokea tuzo, imeandikwa upya mara tano, kila mara kwa mwandiko mzuri zaidi. Riwaya haikuwamo. Hakukuwa na hata ukurasa wake mmoja. Katika hotuba ya tano alimshukuru marehemu baba yake, mto Ganga, na wahakiki waliomwelewa vibaya. Mwishoni kabisa alimshukuru mke wake, "ambaye hakunisumbua."

Kusumlata alicheka puani. Hakulia, angelilia nini? Alifunga jalada, akalibana kwapani.

"Bwana Mehrotra, mkono unaoandika ni huu."

Mehrotra akautazama: wino uliozama kwenye kidole, ngozi ngumu pale kalamu inapokaa, kucha zilizokatwa hadi mwisho. "Huu ndio mkono wa mwandishi," alisema, na uani pote pakasikia. "Ila ni wa mwanamke, anti."

"Uvike kurta. Bei yake si pesa. Kesho mafundi wako wang'oe dirisha hili waweke mlango. Mlango mnao, ule wa kwenye lori lenu. Nimeugonga, ni mbao kweli."

"Ule ni wa picha tunayokwenda kupiga Kanpur!"

"Basi na mkono kaupigie picha Kanpur."

Mehrotra alitazama jua ukutani. "Haya, mlango."

"Na kitasa."

"Na kitasa! Lakini mwenye nyumba anipe kibali cha maandishi. Sitaki kesi."

"Nitakiandika sasa hivi, mbele ya kamera yako."

Walipomvika kurta, bangili zake za kioo zikalia na kuvimbisha mkono wa nguo. Tanaaz alijaribu kuzibana kwa plasta, zikaonekana tu. Kusumlata akaomba sabuni. Hapo mama mkwe alikuja mbio kutoka uani.

"Usithubutu! Mkono mtupu kama mjane, mume yu hai? Unamfanya mwanangu maiti?"

"Mwanao huyu hapa, mama, amekaa. Mguse."

"Funga hata uzi mwekundu!"

"Uzi utaonekana," alisema Mehrotra.

Awadhesh alinyanyuka nusu. "Mama Niru. Mimi bado nipo."

"Nakuona," alisema Kusumlata, akatelezesha bangili moja moja. Mbili zilivunjika. Nyingine alimpa mama mkwe azishike, akaketi.

Mkono ukakimbia. *Mimi, Awadhesh Narayan Srivastava, mkazi wa Katra, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, natoa kibali dirisha la chumba changu cha mbele livunjwe, na chumba hicho kitumike na mke wangu kwa kazi yake, bila kikomo.* Hakukata neno hata moja. Mehrotra alikuwa akinong'ona, "Safi, safi, mwone alivyojawa." Mara moja tu, na picha ikapatikana.

Kusumlata alizivaa tena bangili zilizobaki. Hakuwa na ugomvi na bangili. Kisha akamwekea mumewe karatasi mbele, jalada bado liko kwapani.

"Sahihi hapa."

"Na nitaandikia wapi?"

"Kichwani. Si ndiko riwaya ilikokaa miaka yote?"

"Mama Niru, mbele ya watu..."

Akainama akamwambia kwa sauti ndogo: "Au nimwite mama nimsomee hotuba? Anadhani humu mna kitabu."

Awadhesh alimtazama mama yake, aliyekuwa akiokota vipande vya kioo sakafuni huku akinung'unika. Akachukua kalamu. Safari hii haikungoja sentensi yoyote: ilitoka sahihi ndefu, yenye mkia uliopinda mara tatu. *Santapt*.

Kusumlata akairudisha karatasi. "Hilo la kuungua mahakama hailitambui. Andika jina ulilopewa na baba yako."

Akaliandika. Fundi alikuwa ameshaanza kupima dirisha kwa kamba, akamwomba asogeze kiti.