Spea Tairi Chini ya Gari la Baba

Sijawahi kumwambia mtu hili: baba akiingia chini ya gari, mimi hukaa karibu na miguu yake nikijifanya nachezea simu, kumbe naangalia kama bado inasogea.

Shuleni nina lugha mbili. Nyumbani zote zinanikwama.

Leo alikuwa anamwaga oili uani. Kama madereva wa malori hapa Tunduma, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akapiga jeki, akajiandaa kuingia. Udongo bado laini kwa mvua ya jana.

Maneno yakagoma. Nikaisukuma spea tairi, nikailaza chini ya gari, karibu na jeki.

"Ya nini hiyo, mama? Unanitandikia mto?" baba akanitania.

Jirani aliyekuwa anatuangalia akacheka. Masikio yakaniwaka.

"Usiingie bila hiyo, baba."

Sauti yenyewe ndogo, sijui hata kama alisikia. Akaiacha pale, nadhani kwa kunionea huruma tu, akaingia.

Jeki ikazama upande mmoja. Gari likashuka kwa kishindo, likakaa juu ya ile tairi.

Baba akatoka taratibu, mgongo wote matope.

Akanishika kichwa kwa mkono wenye oili. "Asante, mama." Kisha akaenda kutafuta ubao wa kuweka chini ya jeki.

Sijaosha nywele mpaka sasa.

Nyie huwa mnawaambiaje baba zenu kwamba mnaogopa kuwapoteza?

Nasikia kandambili za baba zinakuja mlangoni. Siku zote nageuza simu asione ninachoandika.

Leo naiacha wazi, asome.