Senti Ishirini Nyeupe

Mwezi wa Agosti mwaka 1982 nilimzika mke wangu, Kabula, hapa Didia. Wiki hiyo hiyo niligundua kuwa senti ishirini yake haimo tena katika kikopo cha sindano na uzi. Waliokuja kunipa pole hawakujua habari ya sarafu hiyo, nami sikuwaambia. Naiandika sasa kwa sababu bila hiyo nisingempata Kabula, na bila kueleza kazi yangu hakuna atakayenielewa.

Nilianza kazi benki, tawi la Shinyanga, mwaka 1967. Nilikuwa na elimu ya darasa la nane na macho mazuri. Siku ya kwanza nilitembea kwa miguu kutoka Ibadakuli, nikafika viatu vimejaa vumbi. Keshia Mkuu alinikalisha kwenye meza yenye kitambaa cheusi, kioo cha kukuzia na mizani ndogo. Sarafu za nchi yetu zilikuwa bado mpya, zikitengenezwa ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kutenga zenye kasoro na kuandika kama kasoro ni ya kiwandani au sarafu imeipata mitaani.

Alinipa shilingi moja. "Unaona nini?"

"Mkwaruzo, mzee."

"Pitisha ukucha. Umezama au umeinuka?"

Ulikuwa umeinuka. Akanieleza kwamba sarafu huanza kama kipande cha madini kisicho na picha, kisha mihuri miwili ya chuma hukibana kwa nguvu, mmoja juu na mmoja chini. Muhuri ukipata ufa, madini huingia kwenye ufa huo, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani siku zote huzama.

Baadaye nilijifunza mengine. Sarafu unaigeuza kama ukurasa wa kitabu: kichwa cha Rais kikiwa wima mbele, mwenge wa nyuma nao uwe wima. Ukilala, ujue muhuri mmoja ulizunguka. Iliyomegeka ukingoni unaitazama upande unaoelekeana na pengo. Kama ilimegeka kabla ya kupigwa chapa, ukingo wa huko nao huwa hafifu. Aliyeikata kwa tindo nyumbani kwake hawezi kuiga hilo.

"Lakini kwanza pima," Keshia Mkuu alirudia kila wiki. "Jicho lako linataka kupata kitu. Mizani haitaki kitu."

Mwaka 1972 nilihamishiwa Geita. Meneja wa tawi alikuwa mtu wa tai hata Jumamosi, naye alipenda ripoti ndefu. Mwaka uliofuata alikuja mwanamke mmoja, muuza maandazi kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kubadilisha sarafu zake apewe noti. Kati ya sarafu hizo ilikuwamo senti ishirini nyeupe. Senti ishirini ilikuwa ya shaba ya njano. Hii iling'aa kama fedha, na mbuni aliyechorwa nyuma yake akaonekana kila unyoya.

Nilifurahi mno. Niliandika kwamba imepigwa kwa kosa la kiwanda kwenye madini meupe yasiyo yake, nikatia sahihi. Sikuipima. Mizani ilikuwa mkono mmoja tu kutoka nilipokaa.

Wiki mbili baadaye yule mwanamke alirudi na tatu nyingine, nyeupe vilevile. Meneja aliziweka juu ya ripoti yangu.

"Moja ni kosa la kiwanda," alisema. "Nne ni kiwanda cha mtu. Wewe mwenyewe umeandika madini si yake." Akaagiza mlinzi amkalishe mwanamke kwenye benchi, na mtu aende kituo cha polisi.

Nilitoka kumwona. Hakulia. Beseni lake tupu lilikuwa miguuni.

"Mama, hizi umezipata wapi?"

"Kwa wanaosuuza mchanga. Mimi napika maandazi, baba. Pesa sijui kupika." Akanionyesha kidole gumba. "Tena hii rangi inatoka. Nimeisugua hiyo ya mwisho. Wakinilipa, vidole vyao vinameta hivi hivi."

Kidole chake kilikuwa cha kijivu. Hapo nikajua. Ilikuwa zebaki, yale madini ya majimaji wanayotumia wachimbaji kukamata chembe za dhahabu. Hushika shaba pia.

Nilirudi mezani nikapima zote nne. Uzito ulikuwa sawasawa. Nikaichukua ile ya kwanza, nikachonga ukingo wake kidogo kwa kisu. Ndani ilikuwa ya njano.

Nilikwenda kwa Meneja. "Ni sarafu halali, zimepakwa zebaki. Ripoti yangu ni ya uongo. Sikuipima."

"Unajua hii inaingia kwenye faili lako?"

"Najua."

"Basi andika hivyo hivyo ulivyosema, kwa mkono wako. Usipunguze neno."

Niliandika. Askari alipofika, alisomewa barua yangu akaondoka. Nilipewa onyo kali, na sikupanda cheo tena. Mwanamke alilipwa thamani ya tatu. Ile niliyoichonga aliiomba aondoke nayo.

"Hii nusura tufungwe pamoja," alisema.

Tangu siku hiyo Kabula aliniita Bwana Sikuipima, hata mbele ya wateja. Nilipokwenda kwao kumposa, baba yake alikuwa ameshasikia. Akauliza wazee, "Na huyu amempima?" Walicheka mpaka togwa ikamwagika.

Mwaka 1980 macho yalianza kuona ukungu, nikastaafu. Vijana wanaoniuliza nawaambia kwamba makosa ya viwandani niliyoyaona kwa miaka yote hiyo yangejaa kiganja kimoja. Mengine yote yalifanywa na watu: moto, nyundo, tindikali, jasho. Nami nimo.

Baada ya mazishi nilimuuliza binti yetu, Shija, kuhusu kikopo.

"Mama aliitumia kununua chumvi kabla ugonjwa haujamlaza kitandani, baba. Zebaki ilishatoka, ikawa njano kama nyingine. Alisema hajui tena ni ipi."

Nilikwenda dukani. Mwenye duka alimwaga senti ishirini zake zote juu ya kaunta bila kuniuliza sababu. Kwa kuwa sikuona vizuri, nilipitisha ukucha ukingoni, moja baada ya nyingine, nikitafuta pale nilipochonga. Haikuwamo.

Nikanunua chumvi. Aliponipa chenji, niliitia mfukoni bila kuigeuza.