Mama Helena na Sokwe wa Baa

Saa moja asubuhi, kabla wateja wa supu hawajaanza kuingia, Pudensiana Lyamba anasukuma toroli la matawi mabichi nyuma ya baa moja mjini Mpanda. Anasimama kwenye uzio wa nyavu, anapitisha matawi moja moja kwenye upenyo ulio juu ya mlango, kisha anajaza uji uliochanganywa na asali ndani ya mzinga mkuukuu wa nyuki uliotobolewa matundu.

Sokwe dume, mkubwa kama mtoto wa shule aliyechutama, anashuka kutoka kwenye kichanja. Anachagua kijiti, anakichambua majani kwa meno, anakichomeka kwenye tundu na kukilamba. Itamchukua saa nzima kuumaliza uji ule.

"Ningempa kwenye sahani angeumaliza mara moja, halafu siku nzima angekaa anajing'oa manyoya," anasema Pudensiana. "Mnyama huyu anataka kazi, kama wewe na mimi."

Pudensiana, ambaye wengi humwita Mama Helena, ana miaka thelathini na tisa. Ni Mkonongo wa Inyonga, binti wa mrina asali. Aliajiriwa hapa mwaka 1993 kufagia na kuosha glasi. Hakuna aliyemwajiri kutunza sokwe.

Sokwe mwenyewe aliletwa mwaka mmoja kabla yake. Mfanyabiashara mmoja alimtoa upande wa ziwani akiwa mchanga ndani ya tenga, mama yake akiwa ameuawa. Mwenye baa, Bartolomeo, alimchukua kwa kubadilishana na baiskeli. Sheria inakataza kumfuga mnyama huyu bila kibali, na Bartolomeo hakuwa nacho. Baiskeli ilikwenda, sokwe akabaki, na mji mzima ukaja kumtazama.

Kwa miaka mitano aliishi kwenye kizimba cha mita mbili kwa moja na nusu, katikati ya meza za wateja. Sakafu ilikuwa ya nyavu za chuma ili uchafu udondoke chini. Nyayo zake zikachubuka na kuota vidonda. Walimvalisha koti na tai, wakamwita Meneja. Walimnywesha bia, wakamfundisha kuvuta sigara, na alipolewa akaanguka, walipiga makofi.

"Meneja gani anafungiwa?" anauliza Pudensiana, na sauti yake inapanda. "Watu wazima, wana watoto nyumbani, wengine wanavaa suti ofisini. Wanacheka kiumbe kinachotapika."

Aliandika barua tatu kwa ofisi ya wanyamapori. Baada ya ile ya tatu alikuja ofisa mmoja. Akakizunguka kizimba, akanywa soda aliyokaribishwa, akaandika kwenye daftari lake kwamba mnyama yuko salama. Nyayo hakuziangalia. Pudensiana alimwomba aziangalie. Ofisa alimjibu kwamba yeye hakuja kuzungumza na wafagiaji.

Yaliyotokea Jumamosi moja ya Februari 1997 yalitabirika kwa yeyote mwenye macho. Mchana ule, mteja mmoja alipenyeza sigara inayowaka na kuigandamiza kwenye kiganja cha sokwe, ili wenzake wacheke. Sokwe aliudaka mkono wake akauma. Mteja akaondoka na kidole pungufu.

Bartolomeo hakumuuliza mteja alikuwa anafanya nini. Alituma mtu akamwite mzee mmoja jirani mwenye bunduki ya leseni.

Mzee alipofika alimkuta Pudensiana ameketi chini, mgongo wake umeegemea mlango wa kizimba, fagio mapajani. Bartolomeo alimwamuru ainuke. Hakuinuka. Akamwambia atamfukuza kazi. Bado hakuinuka. Anakiri kwamba alimfikiria Helena, mwanawe, ambaye baba yake alishafariki.

"Baba Josefina," alimwambia bosi wake mbele ya wateja wote, "huyu hakumfuata mtu mezani kwake. Mtu ndiye aliyemfuata yeye."

Mzee wa bunduki alimtazama mwanamke yule, akamtazama sokwe aliyejikunja kwenye pembe akinyonya kiganja chake kilichoungua. Kisha akamuuliza Bartolomeo, kwa upole, kama ana kibali cha mnyama huyo, kwa maana risasi ikilia polisi watakuja, na wakija wataanza na swali hilo. Mzee akaitundika bunduki begani akarudi kwake.

Hasira za mwenye baa zilimgeukia Pudensiana. Alimwambia kuanzia siku hiyo sokwe ni wa kwake, na akimjeruhi mwingine wataondoka wote wawili.

Alidhani anamwadhibu. Siku hiyohiyo Pudensiana alikusanya viti vyote vilivyokuwa karibu na kizimba, akafunga kamba kukizunguka, na akatangaza kwamba bia na sigara mwisho.

Lakini kumlinda na walevi hakukutosha. Sokwe alikuwa anayumbayumba kutwa nzima, na mikono yake ilikuwa haina nywele mpaka viwikoni. Aliyemwelewesha alikuwa Thacienne, mama wa Kirundi aliyekimbia vita mwaka 1993 akafikia kwa ndugu zake kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba. Kwao aliwahi kufanya usafi kwenye nyumba ya kutunzia sokwe yatima. Alipoletwa akaona kizimba, alilia kwanza, ndipo akasema.

Kumrudisha porini haiwezekani, alieleza Thacienne. Amelelewa na watu, hajui chakula cha msituni, na sokwe wa huko wangemuua. Basi apewe ardhi ya kukanyaga, mahali pa kupanda, matawi ya kutandika, na chakula cha kutafuta.

Bartolomeo alitoa kiwanja cha nyuma, zaidi ya hapo hakutoa hata msumari. Mfugaji wa Kisukuma aitwaye Nyanzala alileta nguzo kwa mkokoteni wa ng'ombe. Fundi Evarist, mchomeleaji, alifanya kazi kila Jumapili baada ya misa, akitumia nondo zilizobaki kwenye majengo ya watu na nyavu za banda la kuku lililovunjwa. Ujenzi ulichukua miezi minne.

Mji nao haukunyamaza. Wapo waliomwita mke wa sokwe. Wapo waliomuuliza, sokoni, mbele za watu, kwa nini anamjengea mnyama wakati hospitalini hakuna dawa.

Swali hilo bado linamchoma. "Dawa zilikuwa hazipo hata kabla sijashika nyundo," anasema. "Mimi sijatoa dawa ya mtu nikaigeuza nyavu. Mbona hawakuuliza hivyo walipokuwa wanamnunulia bia?"

Banda jipya lina mita kumi kwa saba, na urefu wa mita nne. Walikisogeza kizimba cha zamani mpaka kikagusana nalo, wakafungua mlango katikati. Sokwe hakutoka.

Siku ya kwanza alikaa akitazama. Siku ya pili alinyoosha mkono, akaigusa ardhi, akaurudisha upesi kama aliyegusa moto. Pudensiana alishinda hapo hapo, akiosha glasi zake kwenye ndoo karibu na uzio. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, sokwe alivuta mguu mmoja, kisha wa pili. Alisimama kwenye udongo bila kusogea. Halafu akainama akaunusa.

Jioni ile aliyavuta matawi ya miombo mpaka kwenye kichanja, akayakunja moja juu ya jingine, akayagandamiza kwa miguu, akajilaza. Alikuwa ametandika kitanda. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Niliingia stoo nikakaa juu ya gunia," anasema Pudensiana. "Miaka mitano alikuwa analijua hilo. Sisi tulimnyima tawi tu."

Mwaka mmoja sasa umepita. Nyayo zimepona, na nywele zimeota mikononi. Wateja bado huja, ila wanatazama kutoka mbali. Ofisi ya wanyamapori haijarudi tena, hata kuuliza.

Ila bado yuko peke yake, na Thacienne ameshasema kwamba sokwe mmoja ni mfungwa hata ukimjengea ikulu. Pudensiana amepata habari za jike dogo la sokwe huko Majimoto, kwa mfanyabiashara wa mbao, limefungwa mnyororo kiunoni kwenye nguzo ya banda. Alikwenda mwezi uliopita. Alifukuzwa, lakini aliuona mnyororo umezama kwenye ngozi.

Alhamisi hii anapanda lori tena, na safari hii Thacienne na Fundi Evarist wanakwenda naye. Sanduku la kumsafirishia liko tayari, lina matundu ya hewa pande zote. Evarist atabeba msumeno wa kukatia chuma.

Alipoulizwa atafanya nini mfanyabiashara yule akikataa, Mama Helena alifunga mlango wa uzio, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Hajui kwamba jike lile nimeshalikatia nguzo za kichanja chake," alisema. "Zipo pale. Sizirudishi."